Huyu Kikyo nimwite nani kwa Kiswahili?

Mjukuu wa Digo Road

Salaam wanajamvi. Nina swali la lugha, lakini nitaanza mbali kidogo, mniwie radhi.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona madera Gikomba, usiku nipo Majengo na nyanya yangu. Jicho lake moja limefunga mtoto wa jicho na la pili linaelekea huko huko, kwa hivyo runinga kwake imekuwa redio. Tukishaswali isha ananiambia, "Mke mwenzangu, nisomee kitu." Magazeti yamemchosha, anasema ni watu wale wale na kesi zile zile. Vitabu vya hadithi vilivyobaki tangu nisome shule nimevirudia mpaka ananitangulia kumaliza sentensi.

Mwezi jana nilikuwa Tom Mboya, upande wa zimamoto, kwa wale jamaa wanaotandika vitabu chini mkachagua mmeinama. Nikakuta kitabu kinene cha katuni, pembe imeliwa na mvua: Inuyasha, cha Rumiko Takahashi. Muuzaji alitaka 600, tukaelewana 350.

Nyanya akaniuliza nimeleta kitabu gani. Nikamwambia ni manga, yaani katuni za Kijapani. "Cha Manga? Cha Wamanga?" Akanipokonya, akakipapasa jalada, akakifungua kwa kulia kama anavyofungua msahafu. Na kumbe ndivyo kinavyosomwa! Mimi kwenye matatu nilikuwa nimekianza kwa kushoto, nimekodolea kurasa nne za mwisho nikidhani hadithi imeanza katikati ya vita. Tangu siku hiyo nyanya ameamua kwamba Wajapani na Wamanga, wale Waarabu wa Omani, ni watu wamoja. Nimemweleza kwamba manga hii haina undugu na ya pilipili manga, akanijibu nisome, niache kujua.

Basi naisoma. Kiingereza nakimeza, Kiswahili nakitoa. Kwa ambao hamkuisoma: msichana Kagome Higurashi anaishi Tokyo, kwao ni kwenye hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, babu yake ndiye mtunzaji. Siku anatimiza miaka 15, jitu lenye mwili wa tandu linatoka kwenye kisima kikavu cha pale nyumbani na kumvuta chini. Anaibukia Japani ya zamani za vita, karne kadhaa nyuma, na kijiji kizima kinamkodolea macho kwa sababu amefanana na Kikyo, aliyekufa miaka 50 kabla. Kikyo alikuwa *miko*, mwanamke wa ibada za Shinto. Kazi yake ilikuwa kulinda kito kinachoitwa Shikon, kinachotamaniwa na kila kiumbe cha porini. Mshale wake wa mwisho alimpiga nao Inuyasha, aliyekuwa mpenzi wake, akambandika kwenye mti bila kumuua. (Sketi fupi ya shule ya Kagome sijamweleza nyanya. Nimesema tu amevaa yunifomu.)

Maneno mengine yamekwenda. Inuyasha mwenyewe, ambaye baba yake ni wa viumbe hao na mama ni binadamu, nimemwita chotara. Najua ni neno lenye mwiba, lakini ndivyo anavyoishi, kwa babake hatakiwi na kwa mamake hatakiwi. Kaede, mdogo wake Kikyo, sasa ni ajuza mwenye jicho moja, huyo nyanya anamwita "mwenzangu" na hataki afe.

Nimekwama kwa Kikyo. Tafsiri ya Kiingereza inamfanya kuhani. Nikisema kuhani nyanya anamuona Haruni na ndevu zake. Nikasema mtawa, akauliza kwa nini sista ana upinde. Nikasema mganga wa kike, akatulia kidogo, akauliza: "Anavaaje?" Nikamweleza kama fundi: juu vazi jeupe la mikono mipana, chini jekundu la marinda makubwa, linafungwa kiunoni kwa mikanda. Akacheka. "Nyeupe na nyekundu? Hizo nguo za pepo. Huyo si mganga, huyo ni kiti."

Sasa mnisaidie. Ni kiti kweli? Na hawa viumbe wanaoitwa *yokai* niwaite majini, mapepo, mizimu, mazimwi au nini? Nimekuwa nikichanganya, na nyanya ananikamata. Juzi nimesema "jini" akauliza kama ni Muislamu.

---

Shoka Moja

Kuhani wa kike. Lipo kwenye kamusi, watu wanalielewa, mbona kujichosha? Yokai sema mapepo. Nyanya atazoea.

---

Mrabai wa Umoja

Shoka Moja, ungemjua nyanya wa Majengo usingesema atazoea.

Dadangu wa Digo Road, nyanya yako amegusa kitu ambacho wengi wanaosoma hizi katuni hawakijui. Kwetu pwani, mtu anayepandwa na pepo anaitwa kiti kwa sababu pepo anamkalia. Mganga ndiye anayepiga ngoma, anafukiza ubani, anauliza pepo jina lake na anataka nini. Wawili hao ni watu mbalimbali. Kiti hasemi lake. Akisema, ni pepo amesema kwa kinywa chake.

Wajapani nao walikuwa na hivyo hivyo. Miko wa zamani hakuwa mfagizi wa hekalu, alikuwa mtu wa kupandwa. Wana kitabu chao cha mwaka 712, Kojiki, kinachosimulia jinsi mungu wa jua, Amaterasu, alivyojifungia pangoni dunia ikawa giza. Mungu mmoja wa kike, Ame-no-Uzume, akapindua pipa, akapanda juu yake na kulikanyaga mpaka likalia, akacheza kama aliyepagawa, miungu wote wakaangua kicheko. Amaterasu akachungulia kuona kuna nini. Hapo ndipo wanapopataja kama asili ya ngoma za miko. Nikisoma hayo simuoni kuhani, nawaona mama zangu usiku wa ngoma ya pepo, mmoja ameshachanganyikiwa na wengine wanapokezana kumshika.

Tena baadaye serikali iliingilia. Mwaka 1873, enzi za mfalme Meiji, ilipigwa marufuku miko kupandisha na kusema maneno ya wafu au ya miungu. Walitaka Shinto iwe safi, ya kitaifa, isiyo na vilio vya usiku. Waliobaki hekaluni wakabaki na kucheza, kengele mkononi, kwa hatua zilizopangwa. Sisi pia tunawajua walioona haya ya ngoma za mama zao.

Sasa mahali. Usiseme "hekalu" kila mara, kuna neno zuri limelala: mzimu. Kwa wengi siku hizi mzimu ni yule wa kutisha watoto, lakini kwa wazee wa pwani mzimu ni pale mahali penyewe, mti au pango ambapo watu wanatambika na kufunga vitambaa. Ule mti aliobandikwa Inuyasha, Goshinboku, miti ya namna hiyo huko huzungushiwa kamba nene ya majani ya mpunga yenye vikaratasi vyeupe, ujue hapa si pa kukata kuni. Nilipouona kwenye picha nilikumbuka kaya, ile misitu ya matambiko ya sisi Wamijikenda. Kwetu msitu wa kaya hukati mti, na ni heshima hiyo iliyouacha umesimama wakati pembeni kote kumekuwa mashamba. Mwaka 2008 UNESCO wakaziingiza kaya zetu kwenye urithi wa dunia. Wajapani wana visitu vyao vya mahekalu mpaka katikati ya miji, umezungukwa na maghorofa halafu ghafla kivuli.

Yokai usiwape jina moja, nao hawakupewa umbo moja. Yule tandu na wala watu wote ni mazimwi. Anayemwingia mtu ni pepo. Kagura, yule wa upepo, kuna kinyamkera, anayekuja na chamchela ya vumbi mchana kweupe. Jini liache. Jini lina dini yake na vitabu vyake, nyanya yako ana haki ya kuuliza.

---

Kijana wa Buruburu

Kaka wa Umoja heshima zako, nimejifunza. Lakini kwa Kikyo nakataa kidogo. Kikyo hapandwi! Kasome tena, yeye hata mara moja haongei kwa sauti ya mwingine. Anapiga mishale ya kutakasa, anatibu majeruhi, anazindika kijiji. Kiti kamili kule ni *itako* wa kaskazini, wanawake vipofu waliokuwa wakifundishwa tangu utotoni kuwaita wafu, na watu bado wanapanda mlima Osore mkoa wa Aomori kuongea na marehemu wao. Nyanya atampenda itako. Kikyo ni kitu kingine.

Na wa leo ni wengine tena. Ukienda hekalu la Kijapani, miko ni dada anayefagia majani, anayeuza hirizi dirishani na kucheza ngoma ya ibada sikukuu ikifika. Mwaka mpya watu wanakuwa wengi mno, mahekalu yanaajiri wanafunzi wa kike kwa siku chache, anavalishwa nyeupe na nyekundu, anafundishwa kuinama na kurudisha chenji. Halafu anarudi chuo. Kati ya vitu anavyouza ni mishale ya kufukuza balaa, unaitundika nyumbani mwaka mzima. Kwa hiyo ule mshale wa Kikyo Takahashi hakuubuni kutoka hewani.

Fundi, kwa vile wewe ni wa nguo, nikupe moja ya kukukosesha usingizi. Una toleo nene, lile la vitabu 3 ndani ya kimoja, na hilo limeachwa kulia kwenda kushoto. Toleo la Kiingereza la kwanza lilikuwa limegeuzwa kama kwenye kioo ili Wamarekani wasome kwa kushoto. Sasa angalia kifua cha kimono. Aliye hai hufunga upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Kulia juu ya kushoto ni namna anavyovishwa maiti. Kwenye toleo lililogeuzwa, kijiji kizima kimevaa sanda na hakuna mwenye habari.

Kwa neno la kekkai, ule ukuta usioonekana: zindiko. Kile kinachofukiwa ardhini kushikilia zindiko: fingo. Nimeyapata kwa babu yangu wa Malindi, sikuyapata kwenye katuni.

---

Mama Zawadi

Mimi nauliza tu. Mzee wa watu anakaribia kaburi na nyinyi mnamjazia mashetani ya Kijapani usiku, kwenye nyumba. Hakuna qaswida? Hakuna hadithi za mitume? Kila jina mnalotafuta hapo ni la shetani yule yule.

---

Mjukuu wa Digo Road

Mama Zawadi, shikamoo. Nimemsomea nyanya ujumbe wako neno kwa neno kwa sababu anapenda kujua nani anamsema. Amekusalimu sana. Amesema anaanza na Ayatul Kursi na anamaliza na Ayatul Kursi, hicho kitabu kinasomwa katikati, kitapitia wapi? Na amesema kaburi halikaribiwi na wazee peke yao.

Kijana wa Buruburu, umeniharibia kazi. Tangu nisome yako kila dera nikilipachika kifua naangalia upande gani uko juu. Mteja mmoja ameniuliza kama kuna kasoro.

Sasa matokeo. Jumamosi tulifika pale kwa Urasue. Ni zimwi la kike (asante Mrabai, zimwi limekaa kama limezaliwa humo), ajuza mwenye tanuri, anaiba mifupa na udongo wa kaburi la Kikyo, anaufinyanga, anaupika, anamtoa Kikyo mzima mwenye nywele na nguo zake, ila ndani hamna kitu. Roho yake imeshazaliwa upya, iko kwa Kagome. Inavutwa kwa nguvu ikaingie kwenye ule udongo. Kagome anajitahidi, nyingi inamrudia, na kinachobaki kwa Kikyo ni chuki aliyokufa nayo. Anasimama hivyo, mwanamke wa chungu, na ili aendelee kutembea inabidi nyoka wake weupe wamletee roho za wasichana waliokufa.

Nilisoma taratibu kwa sababu nilijua nyanya atauliza. Hakuuliza. Akaomba maji. Halafu akataka nirudie pale nyuma, kwa nini huyu binti alikubali kumpa chotara kile kito. Nikamrudia: Inuyasha alikitaka awe wa upande wa babake kabisa, Kikyo akamwambia kitumie uwe mtu. Kito kikishafanya kazi hiyo kitakwisha, na mimi sitakuwa na cha kulinda, nitakuwa mwanamke kama wengine. Siku waliyoagana wakutane, adui akajigeuza sura, akawachonganisha, kila mmoja akaamini amesalitiwa na mwenzake. Akafa akaagiza achomwe moto na kito mkononi.

Nyanya akasema, "Basi huyo ni mwali."

Nikamwambia mwali ni msichana aliyewekwa ndani, anafundwa. Akasema najua mwali ni nini, mimi nilikuwa mwali wewe babako hajazaliwa. Mwali anawekwa ndani haguswi na jua, hagombani, hacheki ovyo, anakula peke yake. Kila mtu anamuonea tamaa na hakuna anayemkaribia. Lakini anavumilia kwa sababu kuna siku ya kutolewa. Anapambwa, ngoma inapigwa, watu wanatunza, anaonekana. "Huyu wako waliomuweka ndani walisahau kumtoa. Alipotaka kujitoa mwenyewe akauawa mlangoni. Sasa ndio wanamtoa, keshakuwa chungu."

Kiti akakifuta mwenyewe. Amesema Kijana ana haki, kiti ana mgeni, huyu hana hata mgeni.

Kwa hiyo nimeamua, mnaotaka kupinga pingeni: mwali wa mzimuni. Mzimuni kwa maana ile ya Mrabai, ya mti na vitambaa. Najua wapo watakaosikia "mzimu" wakaona kitu cheupe kinaelea, na nimejaribu kwa dada zangu wa pale sokoni, wawili waliona kitu cheupe, mmoja wa Lunga Lunga akaniuliza kama Japani nao wana mizimu ya kufunga vitambaa. Yule mmoja ananitosha. Na wale wanafunzi wa siku za mwaka mpya wanaofagia na kurudisha chenji, hao mwali hapana, hao ni wahudumu wa hekalu na wanakwenda nyumbani jioni.

---

Mrabai wa Umoja

Mwali wa mzimuni. Nimelitamka mara tatu nikiwa kwenye foleni ya matatu. Linakwenda. Kitu kimoja tu: kwa Kirabai chetu tunaweza kulisikia kama bi harusi wa mzimu, kana kwamba ameolewa na mti.

---

Mjukuu wa Digo Road

Nimemuuliza nyanya hilo. Amesema, "Kwani hakuolewa nao? Kamwangalie mumewe amebandikwa wapi."

Haya. Kilichobaki ni kitabu chenyewe. Hadithi nzima iliendelea kutoka 1996 mpaka 2008 na ni vitabu 56, kwa lile toleo nene mimi ninacho cha 1 na cha 2. Jamaa wa Tom Mboya amebaki na cha 7, na nyanya hataki kurukishwa, anasema hajafika huko, asije akakuta mwenzake wa jicho moja ameshazikwa. Mwenye cha 3, hata kama hakina jalada, nitamshonea dera la mgeni rasmi, kitambaa alete yeye. Kifua nitakifunga kushoto juu.